Vipandikizi vya Agosti au vya Machi? Ulinganisho kwa Wanaootesha Maua ya Nchi za Joto Katika Baridi ya Minnesota

Mpenda bustani anayeishi Minneapolis, Saint Paul au mji mwingine wa kaskazini ya Marekani, naye amekulia kati ya nyua zenye haibiskasi na bogonvilia, hukabiliwa na swali moja kila majira ya joto yanapoelekea ukingoni: maua haya ya nchi za joto yataivukaje baridi? Mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba sakitu ya kwanza huanguka, na usiku mmoja wa namna hiyo unatosha kuiharibu haibiskasi iliyokuwa imechanua mchana wake. Baadaye joto hushuka hata kupita nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri, kiasi kwamba hata mizizi iliyofunikwa kwa majani makavu haiponi. Mtu anaweza kununua mimea mipya kila Mei, lakini ni gharama inayojirudia, na mara nyingi rangi aliyoizoea haipatikani tena dukani.

Kuotesha vipandikizi ndiyo njia ninayoipendekeza, kwa sababu tawi lenye urefu wa kiganja hubeba sifa zote za mmea lilikotoka, rangi ya ua ikiwemo, jambo ambalo mbegu haziahidi. Kinachowatatiza wengi ni wakati wa kukata. Je, matawi yakatwe Agosti, yatoe mizizi mapema na kuivuka baridi yakiwa miche midogo dirishani? Au mmea mama wenyewe uingizwe ndani, ulale hadi mwishoni mwa Februari, kisha matawi yakatwe Machi kwenye machipukizi yake mapya? Njia zote mbili zinafanya kazi, ila kila moja inaidai nyumba kitu tofauti, na hazifai kila mmea kwa kiwango kimoja. Maoni yangu ni kwamba Agosti husifiwa kupita kiasi, na kwamba mwenye sehemu ya nyumba yenye ubaridi usiogandisha atafanikiwa zaidi Machi kwa mimea mingi, isipokuwa haibiskasi na asumini.

Kipandikizi kinadai nini

Tawi lililokatwa halina mizizi ya kunywea maji, ilhali majani yake yanaendelea kupoteza maji hewani. Ili listahimili hadi mizizi itokee, linahitaji mambo matatu kwa pamoja: udongo wenye joto la nyuzi 21 hadi 24, hewa yenye unyevu mwingi, na mwanga wa kutosha usio wa jua kali. Arusha au Mombasa mambo hayo yapo bila kutafutwa: mtu huchomeka fimbo ya bogonvilia ardhini masika yanapoanza, na baada ya wiki kadhaa huikuta imeshika. Ndani ya nyumba ya Minnesota, kuanzia Oktoba, mambo hayo hayapatikani pamoja mpaka yatengenezwe. Mwishoni mwa Desemba mchana haufiki muda wa saa 9. Mtambo wa kupasha nyumba joto huikausha hewa. Udongo wa chungu kilichowekwa dirishani hupoa sana usiku, hata kama chumba chenyewe kina nyuzi 20, kwa sababu kioo kiko baridi.

Hili la udongo kupoa ndilo linaloua vipandikizi vingi, nalo halionekani kwa macho. Majani yako kwenye hewa ya joto na yanaendelea kudai maji, huku shina limezama kwenye udongo baridi na wenye majimaji, ambamo huoza kabla ya kutoa mizizi. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununuliwa, kabla hata ya taa, ni mkeka wa umeme wa kupasha joto unaowekwa chini ya trei. Mfuko wa plastiki angavu unaofunika chungu huleta unyevu kwa gharama ndogo mno, mradi usiguse majani na ufunguliwe kidogo kila siku ili ukungu wa kijivu usiote.

Vipandikizi vya Agosti

Tawi la Agosti limeanza kukomaa. Likipindwa, halivunjiki ghafla kama chipukizi changa, wala halijawa gumu kama fimbo. Hupindika, na sehemu yake ya chini imeanza kubadilika rangi kutoka kijani kuwa kahawia. Wanga uliohifadhiwa ndani ya tawi la namna hiyo hulilisha wakati halina mizizi, kwa hiyo halinyauki upesi wala haliozi upesi. Nje bado kuna joto, na mchana bado ni muda wa saa 14 hivi. Trei ikiwekwa barazani, kivulini, inaweza kutoa mizizi bila mkeka wala taa. Nafasi nayo si tatizo, kwani vipandikizi vya bustani nzima hukaa kwenye ukingo wa dirisha moja, na mmea mama, kama ni mkubwa na mzito, unaweza kuachwa nje.

Gharama huja baadaye. Kuanzia Novemba hadi Machi miche hiyo inaishi kwenye mwanga hafifu ikiwa na mizizi michache, na mmea wenye joto la kuukuza lakini hauna mwanga wa kuulisha hurefuka, hupauka na kulegea. Dirisha linaloelekea kusini husaidia, lakini kwa haibiskasi halitoshi. Inafaa kuwe na taa ya LED inayowaka kwa muda wa saa 14 hadi 16 kwa siku, ikiwa sentimita 15 hadi 30 juu ya majani. Hewa kavu huwavutia utitiri mwekundu, ambao ni wadogo kiasi kwamba dalili ya kwanza huwa ni utando mwembamba chini ya jani na vidoa vingi vya njano juu yake. Mmea mkubwa unaweza kupoteza nusu ya majani yake kwa sababu ya wadudu hao ukapona. Mche wenye majani sita hauna cha kupoteza.

Kuna hoja nyingine ambayo mara chache hutajwa, na ambayo kwa familia nyingi za Waafrika Mashariki ni nzito. Njia ya Agosti humfunga mtu nyumbani majira yote ya baridi, kwa kuwa miche midogo iliyo kwenye vyungu vidogo, katika hewa kavu, huhitaji kuangaliwa kila baada ya siku mbili au tatu. Anayesafiri Desemba kwenda kuwaona wazazi Tanga au Kisumu na kukaa huko wiki kadhaa lazima amkabidhi mtu mwingine kazi hiyo, naye awe mtu anayejua kutofautisha udongo mkavu na udongo uliokauka juu tu.

Vipandikizi vya Machi

Katika njia ya pili, mmea mama huingizwa ndani kabla ya sakitu, hupunguzwa matawi hadi nusu au zaidi, na huwekwa kwenye joto la nyuzi 4 hadi 10. Hupukutisha majani na kulala. Ukishalala, giza haliudhuru. Unachohitaji ni maji kidogo, takriban mara moja kwa mwezi, ili mizizi isikauke kabisa. Safari ya Desemba haileti wasiwasi wowote. Mwishoni mwa Februari chungu huletwa kwenye mwanga na joto, hunyweshwa maji, na baada ya wiki chache machipukizi huanza kutokeza kwenye vifundo vya matawi makavu. Yakifika sentimita 8 hadi 10 hukatwa.

Nguvu ya njia hii iko katika kwenda sambamba na majira. Kufikia tarehe 20 Machi mchana umefika muda wa saa 12, na kila wiki inayofuata unaongezeka. Kipandikizi kinapotoa mizizi, mwanga wa kukikuza tayari upo, na kinakua bila kusimama hadi kitolewe nje mwishoni mwa Mei. Tofauti hii huonekana wazi: mche wa Machi huwa mfupi, mnene na wa kijani kibichi, wakati mche wa Agosti ambao haukupata taa hufika Mei ukiwa mrefu na mwembamba, na mara nyingi hulazimika kukatwa kichwa ili uanze upya kutoa matawi. Kwa hiyo ile miezi sita au saba ya kutangulia si faida kubwa kama inavyodhaniwa.

Udhaifu wake ni wa namna mbili. Chipukizi la Machi ni laini, limejaa maji, na hunyauka ndani ya dakika chache likiachwa mezani. Likatwe asubuhi, liwekwe mara moja kwenye mfuko wenye kitambaa kibichi, na lipandwe papo hapo. Udhaifu wa pili, nao ni mkubwa zaidi, ni mahali pa kuulaza mmea mama. Nyumba nyingi za Minnesota zina chumba cha chini ya ardhi, lakini chumba hicho kikiwa ndimo ulimo mtambo wa joto, huwa na nyuzi 15 hadi 18, kiasi kinachouamsha mmea gizani, ukatoa vichipukizi vyeupe, virefu, visivyofaa kukatwa. Gereji iliyojitenga na nyumba hushuka chini ya sifuri pamoja na hewa ya nje na kuua kila kitu. Mahali panapofaa kwa kawaida ni gereji iliyoungana na nyumba, chungu kikisogezwa kwenye ukuta wa pamoja, au pembe ya chumba cha chini iliyo mbali na mtambo na karibu na ukuta wa nje. Asitegemee kuhisi kwa mkono: aweke kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, akisome katika wiki zenye baridi kali zaidi, na mwaka wa kwanza asilaze huko mmea asiokuwa radhi kuupoteza.

Mmea kwa mmea

Haibiskasi ya nchi za joto ni ya Agosti. Hailali kikweli, ikiwekwa kwenye giza na ubaridi huendelea kudhoofika polepole, na mara nyingi Machi hukutwa imekauka matawi au imeoza mizizi. Inataka mwanga na joto lisilopungua nyuzi 10, jambo ambalo mche mdogo chini ya taa hulipata kwa urahisi kuliko kichaka chenye urefu wa mtu. Matawi yakatwe kati ya mwisho wa Julai na katikati ya Agosti, kwa kuwa huchukua wiki 4 hadi 8 kutoa mizizi, na usiku wa katikati ya Septemba tayari unaweza kushuka chini ya nyuzi 10.

Ukataji wenyewe unastahili uangalifu. Huchaguliwa tawi lisilo na ua, lenye unene wa penseli au pungufu kidogo, na hukatwa kwa kisu kikali au mkasi uliosafishwa kwa spiriti, sentimita 10 hadi 15 kutoka nchani, chini kidogo ya kifundo, kwa sababu hapo ndipo mizizi hupenda kutokea. Majani ya chini huondolewa yote. Mawili au matatu ya juu hubaki, na yakiwa mapana hukatwa nusu. Tumba lolote hung'olewa, hata kama linaumiza roho. Ncha ya chini huchovywa kwenye homoni ya mizizi ya unga; ile yenye asilimia 0.3 ya kiambata chake, ambacho kwa kifupi huandikwa IBA, hufaa matawi ya umri huu. Unga wa ziada hukung'utwa, na tundu hutobolewa kwanza kwenye udongo kwa kijiti, kwa maana tawi likisukumwa moja kwa moja unga wote hubaki juu. Baada ya hapo mtu asidanganywe na majani mapya. Tawi linaweza kuchipua kwa chakula lilichokuwa nacho huku chini halina mzizi hata mmoja. Uthibitisho ni tawi kugoma likivutwa taratibu kwa vidole viwili. Itambulike pia kwamba baadhi ya aina za kisasa zenye maua makubwa ya rangi nyingi huuzwa zikiwa zimebebeshwa kwenye shina la aina nyingine kwa sababu mizizi yao wenyewe ni dhaifu, na vipandikizi vyake hushindwa hata vikitunzwa ipasavyo. Haibiskasi nyekundu ya kawaida, ile ya nyua za nyumbani, hushika bila matata.

Fuksia ni kinyume chake kabisa. Inapenda ubaridi, huchukia Agosti ya joto kali, na hulala vizuri kwenye nyuzi 4 hadi 7. Machipukizi yake ya Machi hutoa mizizi kwa wiki 2 hadi 4, mara nyingi hata bila homoni, na miche huchanua majira yale yale ya joto. Sioni sababu ya mtu mwenye sehemu ya ubaridi kuhangaika na fuksia mwezi Agosti.

Lantana hukubali njia zote mbili. Kwa kuwa hutoa mizizi upesi, ukuaji wake ni wa haraka na kipandikizi cha Machi huchanua mapema, ningechagua Machi. Kule Kenya na Tanzania mmea huu ni kero inayovamia malisho na mapori, na anayetoka huko anaweza kusita kuuotesha. Baridi ya Minnesota huua kila kinachoachwa nje, kwa hiyo hofu hiyo haina nafasi huko.

Bogonvilia inadai subira. Hulala vizuri kwenye nyuzi 5 hadi 10 hata ikipukutisha majani yote, lakini vipandikizi vyake huchukua wiki 6 hadi 12, tena kwa masharti ya mkeka wa joto. Vikikatwa Agosti, kazi hiyo ndefu huangukia kwenye miezi inayopoa na kupungua mwanga. Vikikatwa Machi, hasa kutoka kwenye matawi yaliyokomaa ambayo yangepunguzwa hata hivyo, kazi huangukia kwenye miezi inayopata joto. Mizizi yake hukatika kwa kuguswa tu, kwa hiyo kila kipandikizi kipandwe kwenye chungu chake tangu mwanzo na kisihamishwe mpaka udongo wote ushikamane. Maua ya mwaka wa kwanza yasitarajiwe. Ushauri wangu ni kwamba mmea mama wa bogonvilia utunzwe kwa vyovyote vile, na vipandikizi viwe akiba.

Asumini, ile ya mashada na vikuba vya wanawake wa pwani, inakwenda pamoja na haibiskasi. Haipendi kulazwa kwenye ubaridi. Huhitaji nyuzi 13 na kuendelea, na dirisha lenye jua. Tawi lililokomaa nusu, likikatwa Julai au Agosti na kuwekwa juu ya mkeka wa joto, hutoa mizizi kwa mwezi mmoja hadi miezi miwili. Mmea wake ni mdogo na huvumilia chungu, kwa hiyo mama na watoto wanaweza kukaa pamoja chini ya taa moja.

Kwa brugimansia, yenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, kuna njia ya tatu ambayo haimo katika Agosti wala Machi. Kabla ya sakitu ya kwanza, vigogo vyake vilivyokomaa hukatwa vipande vya sentimita 20 hadi 30, majani yote huondolewa, na vipande husimamishwa kwenye ndoo yenye maji kidogo katika chumba cha ubaridi. Vipele vyeupe hutokea kwenye gome, kisha mizizi, na maji yakibadilishwa kila wiki vipande hivyo vinaweza kungoja hadi majira ya kuchipua ndipo vipandwe. Kipande kilichokatwa juu ya panda ya kwanza ya shina huchanua mapema na kubaki kifupi, na cha chini ya panda huhitaji kwanza kurefuka na kutengeneza panda yake. Mmea wote una sumu kali. Glavu zivaliwe, na ndoo isiwekwe pale watoto wanapofika.

Maji au mchanganyiko

Wengi huuliza kama tawi liwekwe kwenye glasi ya maji au kwenye udongo. Fuksia, asumini na brugimansia hukubali maji. Bogonvilia haikubali kwa uhakika. Mizizi ya majini, hata hivyo, huwa myepesi na hudumaa inapohamishiwa kwenye udongo, kwa hiyo mahali ambapo chaguo lipo napendelea mchanganyiko wa nusu perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe ya volkano) na nusu kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), uliolowanishwa kisha ukakamuliwa hadi matone machache tu yatoke. Udongo wa bustani usitumike, kwa kuwa hushikilia maji mno na huingiza vimelea.

Nyumba yako inaruhusu nini

Mwenye nyumba ya ghorofani iliyopashwa joto kila pembe hana pa kulaza mmea mama, hivyo Agosti ndiyo njia yake, na fedha azielekeze kwenye taa na mkeka. Afanye haibiskasi, asumini na lantana, aiache fuksia. Mwenye gereji iliyoungana na nyumba lakini madirisha machache afanye Machi, na haibiskasi moja tu aitengee taa. Mwenye vyote viwili, mahali pa ubaridi na mwanga wa kutosha, agawe kama nilivyoeleza hapo juu. Asiye na chochote kati ya hivyo amwombe rafiki mwenye gereji amlazie chungu.

Kabla ya kukata, lebo ya mmea isomwe. Tangu sheria ya mwaka 1930, aina mpya ya mmea inaweza kupewa hataza nchini Marekani, nayo siku hizi hudumu miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa. Katika muda huo kuiotesha kwa vipandikizi bila idhini kumekatazwa. Lebo huonyesha herufi PP na namba, au PPAF kama maombi bado yanashughulikiwa. Lantana na fuksia nyingi mpya zimo katika kundi hilo, ilhali aina za zamani haziko. Vilevile matawi kutoka nyumbani yasifichwe kwenye mizigo: mimea ya kupanda isiyo na cheti cha afya ya mimea huzuiwa kwenye uwanja wa ndege, na asumini ile ile hupatikana katika vitalu vya Marekani kwa jina lake la kisayansi, Jasminum sambac.

Kutoa nje hakufanywi kwa siku moja, iwe ni miche ya Agosti au ya Machi. Joto la usiku likishatulia juu ya nyuzi 10, kwa kawaida mwishoni mwa Mei, miche hukaa kivulini siku chache, kisha hupewa jua la asubuhi, na jua kamili baada ya wiki moja hadi mbili. Miche ya Agosti, iliyoishi chini ya taa kwa miezi mingi, ndiyo inayoungua majani upesi zaidi, na inafaa ipewe wiki mbili kamili.